Maji Yako Chini

Pale Same mjini hapakuwa na hata tone la mvua. Upepo wa asubuhi ulipeperusha vumbi kwenye uwanja wa shule, na wanafunzi wa bweni waliokuwa wakifua walilalamika kwamba nguo zinachafuka kabla hazijakauka. Lakini milima ilikuwa haionekani. Tangu Alhamisi wingu zito lilikuwa limeilalia Upare yote, likameza misitu na mashamba na nyumba za juu, na Agape kila alipoinua macho kutoka kwenye beseni alijikuta akitazama kule kule.

Alikuwa kidato cha tatu, msichana wa miaka kumi na saba, mrefu, mpole wa maneno. Kwao kulikuwa huko huko mawinguni, kwenye kijiji kimoja juu ya Vudee, kwa bibi yake aliyemlea tangu akiwa anatambaa. Nyumba ya bibi ilikuwa pembeni ya mfereji, mwendo mfupi tu chini ya ndiva ya Mkweshi. Ndiva hiyo ni bwawa ambalo wazee wa zamani walilijenga kwa mawe na udongo, maji ya kijito yakusanyike humo, kisha yafunguliwe kwa zamu yateremke mashambani.

Abdulmajid, mwanafunzi mwenzake wa kutwa, alikuja akipita katikati ya kamba za nguo, simu mkononi.

"Sikia meseji ya saa mbili," akasema. "Maji yako chini, lango limefungwa. Mvua yote ile, na ndiva wala haijashtuka. Kile kitu chetu kinafanya kazi, Agape. Kazi kweli kweli."

"Kinafanya kazi," Agape akajibu, akainamia beseni.

Kile kitu kilikuwa lango la chuma ambalo klabu yao ya roboti ilikuwa imelibuni mwaka uliopita. Abdulmajid alikuwa ametengeneza lango lenyewe na kulifungia mota ya waipa za gari. Agape aliandika programu na kushughulikia sensa, kidude cha kutosha kiganjani kilichosimamishwa kwenye mlingoti ukutani mwa ndiva. Sensa ilipiga sauti ambayo masikio ya watu hayaisikii, ikasubiri irudi kutoka kwenye maji, ikajua yako umbali gani. Maji yakifika kwenye alama, lango lilitakiwa kufunguka lenyewe, na simu tatu zipate ujumbe, kama zilivyopata kipimo cha maji kila asubuhi, mchana na jioni: ya Mwalimu Yasmini, ya Abdulmajid na ya Mzee Loth, mlinzi wa ndiva. Wakati wa kiangazi lilifunguka kila alfajiri kwa kufuata saa iliyopangwa, watu wakamwagilia bila Loth kupanda mlima gizani. Mvua zilipoanza saa hiyo ilizimwa, ikabaki kazi moja tu: ndiva ikijaa, lango lifunguke kabla ukuta haujaelemewa.

Agape peke yake ndiye aliyejua kwamba halitafunguka.

Ilikuwa hivi. Mlingoti ukiwa umeshakazwa kwa saruji, wakulima waliomba alama ipandishwe, ndiva ijae zaidi, maji yafike hadi mashamba ya mwisho. Alama ikapandishwa. Agape akapewa kazi ya kujaribu. Alishika ubao chini ya sensa, pale pale kwenye alama mpya, akatazama namba. Sensa ikasema maji yako chini kabisa. Akarudia mara nne, jibu likawa lile lile. Ndipo akakumbuka kile alichokuwa amekisoma na kukisahau: kitu kikiisogelea sensa ile mno, chini ya shibiri moja, haikioni tena. Hujibu kana kwamba mbele yake pana uwazi mtupu. Yaani maji yalipokuwa ya hatari zaidi, ndipo mashine ingesema hakuna maji.

Dawa yake ilikuwa kuvunja saruji na kuinua mlingoti, kazi ya siku mbili. Na kesho yake wageni kutoka mkoani walikuwa wanakuja kuzindua mradi, maturubai yameshafungwa, kwaya imeshafanya mazoezi. Agape akachukua kalamu, akaandika kwenye fomu: Imejaribiwa, sawa. Akajiambia wageni wakishaondoka atasema. Wageni wakaondoka, ikaja mitihani, na baada ya mitihani kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu kuliko jana yake. Kiangazi chote ndiva haikuwahi kufika alama. Akaanza hata kulala vizuri.

Sasa alikamua shati lile lile mara tatu. Wenzake walipoanza kuanika, akaenda kwa matroni kuomba simu, akampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huku tumelowa mpaka mifupa. Tangu juzi hatujaliona jua."

"Mfereji ukoje?"

"Unanguruma tu. Lakini Loth kasema simu yake inamwambia ndiva haina maji mengi, basi tumetulia. Hata kupanda kuitazama hajapanda, njia inateleza. Mashine yenu imempumzisha, mwanangu. Mungu awabariki."

Agape alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, tayari kabisa. Akasikia kuku wa bibi wakilia, akasikia mvua ikipiga bati, na alichosema ni, "Haya bibi, ujifunike vizuri." Akakata simu. Akamrudishia matroni simu yake.

Akatoka nje. Akazunguka nyuma ya jiko, akarudi, akazunguka tena. Alijaribu kujipa moyo: pengine mvua haijawa kubwa upande wa Mkweshi, pengine kweli maji yako chini. Halafu akaliona kosa la hesabu hiyo. Siku tatu za mvua, na meseji ya leo ilisema chini. Haikuwezekana ndiva iwe chini baada ya siku tatu. Kama maji yangekuwa yanapanda, meseji zingesema yanapanda, mpaka pale yatakapoigusa ile shibiri moja. Akakimbia kumtafuta Abdulmajid.

"Nionyeshe meseji za jana."

Ijumaa asubuhi, nusu. Ijumaa mchana, robo tatu. Ijumaa jioni, chini. Leo, chini.

"Si yalishuka tu," Abdulmajid akasema. "Labda kijito kilipungua." Kisha akamwangalia usoni. "Vipi?"

Agape akamrudishia simu. Alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea nyumba za walimu.

Mwalimu Yasmini, mwalimu wao wa fizikia na mlezi wa klabu, alikuwa barazani akichambua mchele. Alikuwa binti wa wafanyabiashara wa hapo hapo Same, mwanamke mchangamfu aliyependa kuwatania wanafunzi wake. Alipomwona Agape anahema, akatabasamu.

"Kulikoni? Umefukuzwa na nyuki?"

"Shikamoo mwalimu. Mwalimu, ndiva imejaa. Imejaa tangu jana jioni. Mashine inadanganya na mimi nilijua. Ile fomu ya majaribio niliandika uongo."

Alisema yote kwa pumzi moja, amesimama juani, na Mwalimu Yasmini akamsikiliza bila kumkatiza. Tabasamu liliondoka polepole. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu.

"Mzee Loth, shikamoo. Upo nyumbani? Nakuomba sana, panda ndiva sasa hivi. Usiitazame simu. Nenda ukaone kwa macho yako."

Walisubiri robo saa. Mwalimu hakumgombeza, na Agape aliona heri angepigwa. Simu ilipoita, Mwalimu aliiweka sauti ya nje. Kulisikika upepo, mvua, na mtu anayehema.

"Mwalimu!" Loth alipiga kelele. "Yamefika mdomoni! Vidole vitatu yamwagike! Kuna mti umeanguka umeziba njia ya pembeni ya kumwaga maji, na ukuta unatoa jasho upande wa chini. Mnanisikia? Unatoa maji ya tope! Leteni hendeli!"

"Waondoe watu, mzee. Wote walio chini."

"Nawaondoa. Leteni hendeli, nawaambia! Niliwaambia muiache hu..."

Simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Hendeli ilikuwa mkono wa chuma wa kufungulia lango bila umeme. Mwezi wa kwanza wa mradi mtu fulani alikuwa ameitumia kujifungulia maji nje ya zamu yake, ukazuka ugomvi, ndipo klabu ikaamua ikae shuleni, kabatini. Loth alikuwa amekataa katakata. Vijana walimshinda kwa maneno, na Agape alikuwa mmoja wa waliozungumza zaidi.

Waliondoka na bodaboda mbili. Mwalimu na Agape walipanda moja, Abdulmajid nyingine, hendeli ameipakata kama mtoto. Alikuwa ameshaambiwa. Alisema neno moja tu kabla pikipiki hazijawashwa.

"Baba yangu nilimwambia kile kitu hakiwezi kukosea."

Walianza kupanda kwenye jua. Kona ya tano au ya sita baridi ikawapokea, kisha ukungu, kisha mvua yenyewe, nzito, ya matone makubwa. Barabara ilikuwa imegeuka uji mwekundu. Mara mbili walishuka kusukuma. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa mlima unaomeguka vipande vipande, upande wa pili hapakuwa na kitu, weupe tu wa ukungu, na chini yake sauti ya maji yasiyoonekana. Agape alikuwa akisali, lakini sala haikuwa inafika mwisho. Kila alipofika kwa jina la bibi, alianza upya.

Kabla ya kijiji, barabara ilikuwa imekatika. Wakaziacha pikipiki kwa madereva, wakaendelea kwa miguu, wakishika migomba ili wasiteleze. Hapo ndipo waliposikia baragumu. Lilikuwa lile la kuitia watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ambalo kwa kawaida hupigwa mara tatu na kunyamaza. Sasa lilipigwa bila kupumzika.

Walikutana na watu wakipanda kuelekea kanisani, wamebeba magodoro, watoto, masufuria. Agape alimshika mkono mama mmoja aliyemfahamu, jirani yao.

"Bibi yuko wapi?"

"Tulitoka naye," yule mama akasema. "Kafika njiani akasema mbuzi kaachwa amefungwa. Karudi. Tumemkataza, hakusikia."

Agape akageuka kuteremka. Mwalimu Yasmini akamdaka mkono.

"Kwanza ukuta," akasema. "Ukuta ukiondoka, hata ukimkuta mtaondoka wote wawili. Twende."

Ndiva ilionekana kubwa kuliko alivyowahi kuiona. Maji yalikuwa ya kahawia, yamejaa majani na povu, yamelingana na ukingo kiasi kwamba ukuta ulionekana kama mstari mwembamba uliochorwa juu yake. Watu kama kumi walikuwa pembeni wakikata ule mti kwa mapanga na shoka. Upande wa nje wa ukuta, karibu na mguu wake, tope lilikuwa likitoka kwa pumzi pumzi, kama kidonda kinachominywa.

Mzee Loth aliwaona. Alikuwa amelowa, kichwa wazi, mtu wa miaka sitini na kitu mwenye mikono mipana. Hakusalimia. Aliichukua hendeli kutoka kwa Abdulmajid, na wote wawili wakapanda ukutani, mmoja nyuma ya mwingine, wakienda kwa kuburuza miguu hadi katikati lilipo lango. Agape alihesabu hatua zao. Kumi na tisa.

Loth akachomeka hendeli, akazungusha. Chuma kikalia. Chini ya ukuta, mdomo wa mfereji ukatema maji mengi kwa kishindo, watu wakapiga kelele za furaha. Kisha mota ikanguruma. Hendeli ikamponyoka Loth mikononi ikazunguka yenyewe kinyume, ikamgonga Abdulmajid kwenye goti. Maji ya mfereji yakapungua, yakakatika.

"Nini hiki?" Loth akafoka. Akazungusha tena. Lango likafunguka, mota ikanguruma, lango likajifunga.

Agape alijua papo hapo. Aliiandika mwenyewe mistari ile: maji yakiwa chini na lango likiwa wazi, lifungwe, maji yasipotee. Mashine ilikuwa bado inaamini kwamba ndiva ni tupu. Kila walipofungua, ilifunga.

"Chomoeni waya wa betri!" akapiga kelele. "Kwenye boksi! Waya mwekundu!"

Abdulmajid alikuwa amekaa ukutani ameshika goti, uso umekunjamana. Loth alikuwa akining'inia kwenye hendeli kwa uzito wake wote asiiachie. Boksi lilikuwa juu ya mlingoti, hatua tatu mbele yao, na hakuna aliyeweza kulifikia.

Agape akapanda ukutani.

Aliusikia ukitetemeka chini ya nyayo, tetemeko dogo la mfululizo, kama mgongo wa mnyama mwenye homa. Kushoto maji yalikuwa yakimlamba vidole vya miguu. Kulia palikuwa na mteremko, na chini kwenye ukungu, bati la nyumba ya bibi. Aliweza kuliona. Hakuona mtu. Alipita nyuma ya Abdulmajid akimshika bega, akapita nyuma ya Loth, akaufikia mlingoti na kuukumbatia. Boksi likafunguka kwa kucha. Waya ulikuwa pale, mwekundu, unang'aa.

Mkono ukagoma.

Mfereji ule ulipita hatua nane kutoka jikoni kwa bibi. Lango likifunguka lote, maji ya ndiva nzima yangeteremka humo, na mfereji haukuchimbwa kwa maji ya namna hiyo. Kama bibi alikuwa bado anafungua kamba ya mbuzi, yangemkuta.

"Mzee," akasema, "bibi yangu yuko chini."

Loth alimgeukia. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Najua," akasema. "Na mke wangu alimfuata. Chomoa."

Akachomoa.

Mota ikanyamaza. Loth akazungusha hendeli mpaka ikagota, na ndiva ikafunguka. Maji yalitoka kwa sauti ambayo Agape aliisikia kifuani kuliko masikioni. Yaliufuata mfereji, yakaujaza, yakaupita, yakang'oa migomba na kuibeba imesimama wima kwa muda kabla haijalala. Yakaingia kwenye ukungu, hayakuonekana tena. Kilichobaki ni kelele zake zikiteremka, mbali zaidi, mbali zaidi.

Walirudi nchi kavu mmoja mmoja. Haikupita nusu saa, kipande cha ukuta upande wa chini kikaanguka, kipana kama mlango wa kanisa. Lakini kufikia hapo maji yalikuwa yameshuka zaidi ya nusu, na yaliyopita kwenye lile pengo hayakufika mbali. Mtu mmoja alianza kuimba tenzi. Agape hakusikia vizuri. Alikuwa ameshaanza kuteremka, Loth mbele yake.

Jiko la bibi halikuwepo. Palikuwa na mawe matatu ya mafiga na tope. Nyumba ilikuwa imesimama, maji yameingia yakatoka. Mti wa kufungia mbuzi ulikuwa umeng'oka. Agape aliita mpaka sauti ikapasuka. Loth aliita jina la mkewe, mara moja tu, kisha akasimama kimya ameinamisha kichwa, akisikiliza. Agape alimtazama mtu huyo anavyosikiliza, na akaona kwamba hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa ndogo. Hii ndiyo ilikuwa yenyewe.

Sauti ilitoka ng'ambo ya mfereji, juu, kwenye shamba la kahawa la jirani. Ilikuwa ya mke wa Loth, akiuliza kwa hasira nani anapiga kelele hivyo. Walikuwa wamekaa chini ya turubai, yeye na bibi, wamelowa chapachapa. Mbuzi alikuwa amekwenda na maji. Bibi alikuwa na kipande cha kamba mkononi na mkwaruzo mrefu shavuni. Alipomwona Agape hakushangaa, alisema tu, "Umekuja bila sweta."

Jioni hiyo kanisani, Agape alisimama mbele ya watu akasema alichokifanya. Mwalimu Yasmini alitaka kusema kwa niaba yake, akakataa. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. Watu hawakumzomea. Mzee mmoja aliuliza sensa ni nini, akaelezwa. Mama mmoja ambaye maharage yake yote yalikuwa yamesombwa alinyanyuka akatoka nje, na tangu siku hiyo akipishana na Agape hupita kama anayepishana na mti. Loth alisema kwamba na yeye alikaa nyumbani siku mbili akisoma simu badala ya kupanda mlima aliopanda miaka ishirini na sita. Hakusema kwamba amemsamehe. Alisema ukuta utajengwa, lango litabaki, na hendeli itakaa kwake, na hapo hakuna wa kumshinda kwa maneno. Abdulmajid, mguu umefungwa kitambaa, alikubali kwa kichwa bila kumtazama Agape.

Walilala kanisani pamoja na wengine, kwenye mkeka mmoja, bibi na mjukuu. Nje mvua iliendelea, nyepesi sasa. Agape alidhani bibi ameshasinzia.

"Asubuhi uliponipigia," bibi akasema, "ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, bibi."

 Mkono wa bibi ulikuwa juu ya mkono wa Agape, na haukuondoka, lakini haukuminya wala kupapasa. Ulikaa tu.

"Nilikwambia Mungu awabariki," akasema hatimaye, "ukaniambia nijifunike vizuri."

Kisha akajigeuza, akavuta kanga, na Agape akabaki macho wazi, akisikiliza maji yanavyodondoka kutoka paani, asijue kama anaruhusiwa kulia.